Ngumi Unayoiona Ikitoka Begani: Kwa Nini Picha za Zamani za Kung Fu Bado Zinatushika

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 46, naishi Morogoro. Nimekulia kwenye mabanda ya video, na mpaka leo nikikutana na picha ya zamani ya Kichina, zile za Shaolini na wazee wa ndevu nyeupe, siinuki mpaka iishe. Kijana wangu wa miaka 16 ananicheka. Anasema midomo haiendani na maneno, ngumi zinalia kama mbao, watu wanavutwa na kamba, na hadithi ni ileile: umemuua mwalimu wangu, lazima nilipe kisasi. Nikikaa naye kuangalia hizi mpya za kompyuta, mimi ndiye ninayesinzia. Je, ni utoto tu unaonivuta, au kuna kitu kweli? Na kama kipo, nimwonyeshe picha ipi aelewe?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Utoto upo, wala usiuonee haya. Hata mimi nikisikia ule mvumo wa mkono wa kanzu ukikata upepo kabla ya teke kufika, narudi mwishoni mwa miaka ya 1970, naona watoto tunatoka ukumbini Dar es Salaam na kurushiana mateke njia nzima mpaka nyumbani. Lakini utoto peke yake hauwezi kubeba mzigo wote huo. Pale bandani hukuangalia za Kichina tu. Uliangalia pia makomandoo wa Kimarekani wenye bunduki zisizoisha risasi. Ziweke hizo leo, uone ngapi zitakukalisha mpaka mwisho.

Mimi nafundisha uhariri wa filamu. Kila mwaka napokea vijana ambao hawajawahi kukanyaga banda la video, na kila mwaka nawawekea dakika chache za mapigano kutoka Hong Kong ya miaka ya 1970. Mwanzoni wanacheka kama kijana wako. Baada ya muda kicheko kinakatika na simu zinalala mezani. Hawana utoto wowote na picha hizo. Kinachowashika ni kwamba wanaona kazi: mwili wa mtu ukifanya jambo gumu mbele ya macho yao, kuanzia linapoanza mpaka linapoisha.

Fanya jaribio hili na kijana wako. Chukueni karatasi na kalamu, wekeni mapigano ya picha yoyote mpya anayoipenda, na kila kamera inaporuka kutoka pembe moja kwenda nyingine, mpige mstari. Karatasi itajaa haraka. Ngumi inaanza kwenye pembe moja na kutua kwenye nyingine, na katikati yake kuna mkato unaoficha kwamba haikutoka popote wala haikufika popote. Kisha wekeni mapigano yaliyopangwa na Lau Kar-leung, mpangaji wa mapigano na mwongozaji wa Hong Kong. Kamera inarudi nyuma, inawaona wapiganaji wote wawili kutoka utosini mpaka unyayoni, na inatulia. Ngumi unaiona ikitoka begani, unaiona ikifutwa na mkono wa adui, unauona mkono huohuo ukigeuka kiwiko, na kiwiko kikizuiwa na goti, yote hayo bila kalamu yako kugusa karatasi. Unayafuata mapigano kama mzee anayetazama bao, anayejua ni mchezaji yupi anabanwa hata kabla mwenyewe hajajua.

Waliweza hivyo kwa sababu walikuwa na watu wanaoijua kazi. Baadhi yao walitoka kwenye opera ya Peking, ile michezo ya jukwaani ya Kichina yenye kuimba na sarakasi. Jackie Chan aliingizwa shule ya opera pale Hong Kong akiwa na miaka 7, kwa mkataba wa miaka 10, chini ya mwalimu Yu Jim-yuen. Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa hapohapo. Walifundishwa kuimba, sarakasi, mikuki na panga, kusimama kwa mikono mpaka viwiko vitetemeke, na fimbo ilikuwa sehemu ya somo. Opera ilipoanza kukosa watazamaji, miili ile iliyokwisha kufundwa ilihamia studio.

Wengine walikuwa watu wa kung fu yenyewe. Lau Kar-leung alifundishwa na baba yake, Lau Cham. Baba yake alifundishwa na Lam Sai-wing, na Lam Sai-wing alikuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung, yule bingwa na tabibu wa Guangdong ambaye sinema za Hong Kong hazijawahi kuchoka kumsimulia. Watu wetu wa tarika wana neno lake: silsila. Mpangaji wa mapigano alikuwa na silsila inayomfikisha kwa shujaa mwenyewe, na alipomwona mwigizaji ameweka mguu vibaya, aliuona kama wewe unavyolisikia kosa la Kiswahili redioni. Ndiyo maana ndani ya picha zake mitindo haichanganywi ovyo. Mtindo wa simbamarara ni wa simbamarara, wa korongo ni wa korongo, na mkuki una kanuni zake.

Sasa nije kwenye ngumi zinazolia kama mbao, maana hapa kijana wako amegusa penye utamu bila kujua.

Kwenye opera ya Peking hakuna anayepigana kimya. Pembeni ya jukwaa wamekaa wapigaji wenye ngoma, matoazi na upatu, wakimfuata msanii hatua kwa hatua. Kuna tendo wanaloliita liangxiang: shujaa anaingia, anapiga hatua zake, kisha anaganda ghafla katika umbo lake, upatu unalia, watu wanamtazama wakashiba, ndipo anaendelea. Watengenezaji filamu walilichukua hilo kama lilivyo. King Hu, aliyezaliwa Beijing na kuipenda opera tangu udogoni, aliweka milio ya ngoma za opera zenyewe ndani ya mapigano yake. Wengine waliigeuza ngumi na teke kuwa ngoma. Mwambie kijana afumbe macho dakika moja asikilize tu: mapigo manne ya haraka, kimya, pigo moja zito, kimya, kisha mvua ya mapigo. Mtu aliyekulia karibu na ngoma anaielewa lugha hiyo papo hapo. Mlio ule haukukusudiwa kufanana na nyama inayogonga nyama. Umewekwa ili uhesabu. Na zile sekunde wapiganaji wanaposimama wametazamana, mikono imekunjwa, ndiyo pumzi ya mpigaji. Bila hiyo, mapigano yanakuwa kelele, na ndicho kinachokusinziza kwenye hizi mpya: kila kitu kinapigwa kwa nguvu ileile dakika kumi mfululizo.

Midomo nayo ina maelezo yake. Studio nyingi za Hong Kong wakati ule zilipiga picha bila kunasa sauti. Mwigizaji mmoja angeweza kusema Kikantoni na mwenzake akamjibu Kimandarini, kisha baadaye watu wengine kabisa wakaingia chumbani kuweka maneno. Kwa hiyo hata mtazamaji wa Hong Kong mwaka 1972 mara nyingi alisikia sauti isiyo ya mtu anayemwona. Nadhani ndiyo sababu picha hizi ziliwapokea watafsiri wetu vizuri kuliko picha nyingine zote. Lufufu alipoweka Kiswahili chake juu ya picha, na kule Kenya DJ Afro akafanya yake, hawakuvunja kitu. Sauti na mwili vilikuwa vimeshaachana tangu studio, na mlango ukabaki wazi.

Kuhusu kamba, nitakubaliana na kijana nusu. Kamba zipo, na zimo picha ambazo unaziona kabisa ziking'aa. Ila kupaa si kosa la mtengenezaji. Wachina wana hadithi za kale za wapiga panga, wuxia, zinazotokea kwenye ulimwengu wanaouita jianghu, maana yake mito na maziwa: dunia ya wapita njia, watawa, majambazi na wenye nyumba za wageni, mbali na mkono wa serikali. Huko mtu aliyejifunza kupita kiasi anakuwa mwepesi, anatembea juu ya maji na kurukia paa. Sisi hatumuulizi mtunzi wa utenzi kwa nini Fumo Liyongo hakudhurika kwa kitu chochote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Tunajua tuko kwenye hadithi ya aina gani. Na usidhani nimemtaja Liyongo kwa kupamba. Kwenye Executioners from Shaolin ya mwaka 1977 yupo mzee Pai Mei, mwenye nyusi nyeupe, ambaye naye mwili wake haupenyeki ila mahali pamoja na kwa saa maalumu. Shujaa anajaribu kwa mtindo wa simbamarara aliourithi, anashindwa, anakufa. Mwanawe anachukua simbamarara wa baba, anamchanganya na korongo aliyefundishwa na mama, ndipo anashinda. Kwetu mwana ndiye aliyebeba sindano ya kumuua baba. Kwao mwana ndiye aliyemalizia kazi ya baba. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na kila mara naona ni swali moja limeulizwa kwenye pwani mbili.

Mtu anayezijua picha hizi atanipinga hapa: ukisema uzuri wake ni kuona mwili bila mkato, mbona King Hu alikata vipande vifupi kuliko wote? Ni kweli. Mapigano yake ya msitu wa mianzi kwenye A Touch of Zen ya mwaka 1971, picha iliyopata tuzo ya ufundi Cannes mwaka 1975, yamekatwa mpaka jicho linaona mtu akipita kama ndege aliyeshtuliwa. Lakini anayepita ni mtu kweli, amejirusha kutoka kwenye trampolini iliyofichwa, chini ya uongozi wa Han Ying-chieh, mtu wa opera. King Hu anakuibia pale mrukaji anapotua, basi. Uzito wa mwili uko palepale, na jicho lina namna yake ya kuutambua uzito.

Hadithi ileile, anasema kijana. Ndiyo, mwanzo na mwisho wake unafanana. Mwalimu ameuawa, na steringi hafi. Amwangalie katikati.

Chukua The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978. Lau Kar-leung ndiye aliyeiongoza, na steringi ni Gordon Liu, mwanafunzi wa baba yake Lau. Kijana mwenye hasira, aliyeuliwa watu wake na askari wa utawala wa Wamanchu, anaingia hekalu la Shaolin akitaka kujifunza ili akalipe kisasi. Hekalu lina vyumba 35 vya mafunzo. Yeye anataka kuanza na cha juu kabisa. Anaingia, anakuta wazee wamekaa wanasoma maandiko, anatupwa nje bila kuelewa kilichompiga. Basi anaanzia chini. Na chumba cha chini kabisa ni nini? Ni njia ya kwenda kula. Kati yake na chakula kuna maji, na juu ya maji kunaelea magogo yaliyofungwa pamoja. Ukikanyaga kwa pupa unazama, unafika umelowa, umechelewa, na huli. Wala hakuna anayemfundisha. Anarudi usiku peke yake, anatazama gogo linavyozunguka, anajaribu, anazama, anajaribu.

Kisha inakuja ile sehemu ya ndoo, na hapo nakuomba umwombe kijana akae karibu na kioo. Steringi anapandisha maji mlimani. Mikono imenyooshwa pembeni, ndoo kila upande, maji yanacheza ukingoni. Kwenye kila mkono, juu ya kiwiko, kimefungwa kisu, ncha ikitazama mbavu zake mwenyewe. Mkono ukichoka ukashuka, unajichoma. Hakuna adui hapo, ni kilima tu na mabega yake. Kamera inamsubiri apande. Unaona misuli ya shingo inavyosimama, unaona mikono inaanza kuteremka kidogo kidogo halafu inapandishwa kwa ghafla baada ya ncha kugusa. Hakuna kompyuta inayoweza kukupa kule kutetemeka kwa bega. Na mwishoni, mtu huyo anapopigana, unajua kila pigo lilitoka chumba gani. Mkono hauchoki kwa sababu ya ndoo. Mguu hautelezi kwa sababu ya gogo.

Sehemu kubwa ya picha ni mtu anajifunza. Ukinibana nitaje kinachonirudisha kwenye picha hizi, nitataja hicho kabla ya mapigano. Kila aliyewahi kuwa mwanagenzi kwenye gereji anavijua vyumba vile: mwaka mzima unaosha vipuri kwa petroli na kumshikia fundi spana, unadhani anakutumia tu, mpaka siku unasikia injini ikilia vibaya na mkono unakwenda wenyewe penye ubovu. Wachache sana wametengeneza filamu za kusisimua kutokana na jambo hilo, na Lau alifanya hivyo mara kadhaa.

Kuna jambo jingine ambalo pengine hulijui, nalo limewadanganya wengi wa rika lako. Studio ya Shaw Brothers, iliyofungua eneo lake kubwa pale Clearwater Bay mwaka 1961 na kuwalaza waigizaji wake mabwenini kama shule ya bweni, ilipiga picha zake kwa upana mkubwa, upana wa zaidi ya mara mbili ya urefu wake. Picha hizo zilipohamishiwa kwenye mikanda ya deki kwa ajili ya televisheni za mraba, pande mbili zilikatwa. Zaidi ya theluthi moja ya picha ilikwenda na maji. Ndiyo maana bandani uliona ngumi inatokea ukutani, au mtu anaongea na mtu asiyekuwepo. Ukaongeza na mkanda uliorudufiwa mara tano, rangi imekufa. Mwaka 2000 kampuni ya Celestial Pictures ilinunua hazina ya Shaw, filamu 760, ikazisafisha. Kama unachomwonyesha kijana ni kile cha mkanda, basi ana haki ya kucheka. Mtafutie nakala iliyosafishwa, pana, yenye mistari miwili myeusi juu na chini. Hata wewe utadhani ni picha mpya.

Siwezi kuzitetea zote. Studio ilikuwa ikitoa makumi ya picha kwa mwaka na nyingi zilikuwa za kuziba pengo: majengo yaleyale, ndevu za gundi, zumu inayokimbilia uso wa mtu kila anaposhtuka. Kitu kinachoniuma zaidi ni wanawake. Mwaka 1966 King Hu alimpa Cheng Pei-pei, msichana aliyesomea dansi ya bale, nafasi ya steringi kwenye Come Drink with Me, naye akaibeba kwa namna ambayo mpaka leo sijaona mfano wake. Mwaka uliofuata mwongozaji Chang Cheh akatoa One-Armed Swordsman, ikawa filamu ya kwanza ya Hong Kong kuvuka mapato ya dola milioni 1 za huko, na kuanzia hapo studio ikakimbilia wanaume vifua wazi na damu. Ni filamu nzuri, naipenda, lakini ilifunga mlango uliokuwa umefunguka.

Bruce Lee utashangaa sijamtaja. Yeye namweka peke yake. Hakutoka opera, hakupenda mapigano marefu ya mapigo hamsini. Kwake pigo ni moja au mawili na limekwisha. Kilichowainua watu vitini ni hasira iliyokuwa na anwani. Kwenye Fist of Fury ya mwaka 1972, inayotokea Shanghai wakati wageni wanautawala mji, anafika kwenye lango la bustani akakuta kibao kinachosema mbwa na Wachina hawaruhusiwi. Anakipiga teke kinapasuka vipande. Fikiria tendo hilo lilivyopokelewa kwenye nchi ambazo uhuru wake ulikuwa na miaka kumi hivi. Alifariki tarehe 20 Julai 1973, ana miaka 32, na picha nne tu alizozikamilisha akiwa steringi mtu mzima.

Basi umwonyeshe nini. Usianze na Bruce Lee, maana atamwona kama bango la ukutani alilolizoea. Anza na The 36th Chamber of Shaolin, nakala pana, yenye sauti ya Kichina na maandishi chini, bila wewe kueleza kitu. Ukimweleza utamharibia. Baada ya wiki, Drunken Master ya mwaka huohuo wa 1978, Jackie Chan akiwa na miaka 24, kwa sababu kijana anayecheka anahitaji picha inayojua kuchekesha, na mule ndani mateso ya mwanafunzi yamegeuzwa sarakasi.

Ya tatu ndiyo Come Drink with Me. Mweke atazame nyumba ya wageni. Cheng Pei-pei anaingia amevaa kiume, anakaa mezani, anaagiza kinywaji. Majambazi wanaingia mmoja mmoja, wanakaa meza za jirani wakijifanya wateja. Kwa dakika kadhaa hapapigwi mtu. Wanamjaribu tu, kitu kinarushwa, naye anakizuia bila kuinuka, na uso wake haubadiliki. Mtazame kijana wako wakati huo badala ya kutazama picha. Akinyamaza, mwongezee chai na umwache.